Ruta ya nyumbani: kutafuta hitilafu, kusasisha programu dhibiti na kuweka mipangilio sawa

Intaneti ikigoma nyumbani, watu wengi hutafuta pini na kubonyeza kile kitufe kidogo kilichozama nyuma ya ruta, kilichoandikwa Reset. Usifanye hivyo. Ukikishikilia kwa sekunde kumi hivi, kitufe hicho kinafuta kila ulichoweka: jina la mtandao, nenosiri, na hata akaunti ambayo mtoa huduma anakutambua kwayo. Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo mawili, na lile la kwanza huenda halikuwa la ruta hata kidogo. Kuzima na kuwasha ni jambo jingine, hakufuti kitu. Mengine yote yasubiri mpaka ujue hitilafu iko upande gani.

Tafuta kwanza penye hitilafu

Kutoka kwenye simu au kompyuta yako hadi kwenye tovuti unayoitaka kuna vipande vitatu vya njia: kifaa chako hadi ruta, ruta hadi kwa mtoa huduma, kisha mtoa huduma hadi huko mbele. Kazi ya kwanza ni kujua kipande kipi kimekatika.

Anza kwa kuuliza: ni kifaa kimoja kinachosumbua au vyote? Kama ni simu moja tu na wengine wanaendelea vizuri, iache ruta. Kwenye simu hiyo, futa mtandao kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, kisha uunganishe upya kwa kuandika nenosiri. Zima VPN kama ipo. Angalia tarehe na saa pia, maana simu yenye tarehe isiyo sahihi hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, na mwenyewe akadhani intaneti imekatika. Kama vifaa vyote vya Wi-Fi vimegoma lakini kompyuta iliyochomekwa kwa kebo inafanya kazi, shaka iko kwenye redio ya ruta au mipangilio yake. Kebo nayo ikigoma, sogea mbele.

Angalia taa. Kwa wenye faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa chako: waya umekunjwa mno, umechomoka, au umekatika huko nje. Hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaotibu hilo. Kagua kama waya umebanwa na mlango au kabati, uukunjue taratibu. Usiguse ncha yake, kwani uchafu kidogo wa kidole unaweza kuzuia mwanga, na usiichungulie kwa jicho. Kisha piga simu kwa mtoa huduma.

Taa zikiwa sawa, fungua kompyuta. Kwenye Windows tafuta Command Prompt, kwenye Mac fungua Terminal. Andika amri hizi tatu moja baada ya nyingine, ukiweka anwani ya ruta yako, iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, mahali pa ile ya kwanza:

ping 192.168.1.1
ping 1.1.1.1
ping wikipedia.org

Dakika mbili za zoezi hili huokoa saa nzima ya kubahatisha. Ya kwanza inaigongea ruta yenyewe. Ikikosa jibu, kompyuta yako haijaifikia ruta, na hakuna haja ya kumlaumu mtoa huduma. Ikijibu, tazama muda wa kila jibu: kwa kebo huwa milisekunde moja au chini yake, kwa Wi-Fi nzuri ni chache tu. Ukiona 3, 4, halafu 380, halafu 5, halafu jibu limepotea, Wi-Fi yako inapigana na mawimbi ya jirani au umekaa mbali mno na ruta.

Amri ya pili inakwenda nje ya nyumba, kwenye seva ya DNS ya kampuni ya Cloudflare. Ruta ikijibu lakini hii ikakataa, njia imekatika kati ya ruta na mtoa huduma, au huko mbele yake. Ya tatu inatumia jina badala ya namba. Ikiwa ya pili imejibu na ya tatu inasema haimfahamu huyo mwenyeji (host), intaneti unayo. Kilichokufa ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Hapo tiba ni kubadilisha seva ya DNS, nitaeleza mbele kidogo.

Na kabla ya yote hayo, andika ipconfig kwenye Windows uone kompyuta imepewa anwani gani. Anwani inayoanza na 169.254 ni kompyuta iliyojipa yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kunyimwa. Kwa kawaida kebo ina ubovu, au huduma ya DHCP, ile inayogawa anwani kwa vifaa, kwenye ruta imezimwa au imeganda.

Kuzima na kuwasha kwa mpangilio

Kama una modemu (kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma) na ruta vilivyotengana, zima vyote viwili kwenye umeme. Subiri nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Washa modemu peke yake, ngoja taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta. Ukiwasha vyote kwa pamoja, ruta inaweza kuomba anwani kabla modemu haijawa tayari, ikakaa bila intaneti huku kila taa ikionekana nzima.

Kuna jambo ambalo hupuuzwa sana: adapta ya umeme. Ruta inayojizima na kujiwasha yenyewe, hasa watu wengi wanapoitumia, mara nyingi haina ubovu wowote. Adapta ndiyo imechoka na haitoi tena umeme wa kutosha. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta, kwa mfano 12V 1A. Unapobadilisha, volti lazima zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, na pini iwe ya ukubwa na mwelekeo uleule wa chanya na hasi. Volti zikizidi, unaiunguza ruta.

Kuingia ndani ya ruta

Geuza ruta uangalie kibandiko chake. Pale pana anwani ya kuingilia, jina la mtumiaji na nenosiri la kiwandani. Anwani za kawaida ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 na 192.168.8.1. Kibandiko kikiwa kimefutika, anwani utaipata kwenye majibu ya ipconfig, mstari wa Default Gateway. Iandike kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, si kwenye sanduku la kutafutia. Unapotumia simu, zima data kwanza, la sivyo simu inaweza kuipita Wi-Fi isiyo na intaneti na kutafuta ukurasa huo kupitia laini. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa huu si salama, hilo ni la kawaida kwa anwani ya ndani ya nyumba, kwa sababu cheti chake ruta imejitengenezea yenyewe.

Ukishaingia, usibadilishe kitu. Nenda ukurasa wa hali ya mfumo usome. Anwani ya upande wa nje ikiwa 0.0.0.0, ruta haijapewa muunganisho. Kama unatumia PPPoE, yaani muunganisho unaoingia kwa jina na nenosiri la mtoa huduma, angalia sababu iliyoandikwa: kuna tofauti kubwa kati ya kukataliwa jina na nenosiri, na kukosa jibu kabisa. La kwanza ni la akaunti, la pili ni la laini.

Kisha piga picha za kurasa zote zenye mipangilio ya nje: aina ya muunganisho, jina la PPPoE, namba ya VLAN (inayotenganisha mitandao kwenye laini moja) kama ipo. Nenosiri la PPPoE mara nyingi limefichwa kwa nukta, kwa hiyo muulize mtoa huduma mapema ulihifadhi. Pakua pia nakala rudufu ya mipangilio. Karibu kila ruta ina kitufe chake kwenye kurasa za mfumo. Picha bado zinahitajika, kwa sababu nakala iliyotengenezwa na toleo moja la programu wakati mwingine hukataliwa na toleo jingine.

Kusasisha programu dhibiti

Programu dhibiti ni ile iliyokaa ndani ya ruta na kuendesha kila kitu. Kwenye kurasa za mipangilio utaikuta chini ya neno Firmware. Ruta nyingi hununuliwa, zikachomekwa, zikasahauliwa kwa miaka, na humo ndani matundu ya usalama yanazidi kujulikana bila kuzibwa. Mwezi Mei 2018 ilifahamika kwamba programu hasidi iliyoitwa VPNFilter ilikuwa imeingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhi data visivyopungua 500,000 duniani, na FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Kuwasha upya kuliondoa sehemu kubwa ya programu hiyo, lakini mzizi wake ulibaki. Kuung'oa kulihitaji kurejesha ruta katika hali ya kiwandani na kuweka programu dhibiti mpya. Kwa hiyo mimi sikubaliani na ushauri wa kwamba kitu kinachofanya kazi kisiguswe, si kwa ruta, ambayo iko mtandaoni mchana na usiku.

Kama ruta umepewa na mtoa huduma, uwezekano mkubwa ni kwamba yeye ndiye anayeisasisha kutoka mbali. Hapo muulize tu, na usiweke programu uliyoipata kwa mtengenezaji, maana ruta hizo huwa na programu iliyorekebishwa kwa ajili ya mtandao wake.

Kama ruta ni yako, kwanza tazama kama ina uwezo wa kujisasisha, na uuwashe. Usipokuwepo, fuata hatua hizi bila kuruka:

1. Soma kwenye kibandiko modeli kamili pamoja na toleo la kifaa chenyewe, kama v1 au v3. Ruta mbili zenye jina moja na umbo moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Kuweka programu ya v2 kwenye v3 ni njia ya haraka ya kuiua ruta.

2. Andika mahali toleo la programu lililopo sasa. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya msaada ya modeli yako, usome maelezo ya toleo jipya. Tafuta mambo mawili: kama linadai upitie kwanza toleo la katikati, na kama ukishapanda huwezi kurudi nyuma. Usipakue faili hili kwenye tovuti nyingine yoyote.

3. Likija limefungwa kama zip, lifungue. Kinachopelekwa kwenye ruta ni faili lililo ndani, mara nyingi lenye mwisho wa .bin. Mtengenezaji akiwa ameweka namba ya uhakiki ya SHA256, ilinganishe: kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256; kwenye Mac andika shasum -a 256 na jina la faili. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

4. Unganisha kompyuta kwa kebo. Wi-Fi inaweza kukatika katikati ya kupeleka faili. Chagua saa ambayo hakuna anayefanya mtihani au mkutano mtandaoni, na umeme una uhakika; kama una UPS (betri ya akiba), ichomeke hapo.

5. Peleka faili, kisha uondoe mikono. Ruta itafuta programu ya zamani na kuandika mpya kwenye kumbukumbu yake, na umeme ukikatika katika dakika hizo inaweza kubaki bila programu kamili. Ukurasa ukiganda kwenye asilimia fulani, usiufungue upya. Taa zikizima na kuwaka, ndiyo kazi yenyewe. Ipe dakika kumi hata kama ukurasa umesema tano.

6. Ingia tena, hakikisha namba ya toleo imebadilika, kagua mipangilio moja baada ya nyingine. Sasisho jingine hurudisha vitu ulivyokuwa umevizima, kwa mfano WPS, yaani njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN.

Baada ya sasisho ruta ikianza tabia za ajabu, Wi-Fi ikikatika ovyo au kurasa zikigoma kuhifadhi, huenda mipangilio ya zamani haipatani na programu mpya. Hapa sasa kufuta kila kitu kuna maana. Irejeshe katika hali ya kiwandani na uandike mipangilio kwa mkono ukitazama zile picha. Usirudishe nakala rudufu, kwa sababu utarudisha na ugonjwa.

Na isipowaka kabisa? Ruta nyingi zina sehemu ndogo ya kuanzishia ambayo haifutwi na sasisho. Kwa baadhi ya modeli unaishikilia Reset huku ukiwasha umeme, inafungua ukurasa mdogo wa kupokea faili. Nyingine hupokea kwa TFTP, njia sahili ya kutuma faili kwenye mtandao. Utaratibu hutofautiana, kwa hiyo fuata maelezo ya modeli yako hasa.

Ukikuta mtengenezaji ametangaza kwamba modeli yako haitapata masasisho tena, una njia mbili: kununua nyingine, au kuangalia kama OpenWrt inaiunga mkono. OpenWrt ni programu huria nzuri sana, mimi naipenda, ila inataka mtu aliye tayari kusoma. Na hapo ukaguzi wa toleo la kifaa ni wa lazima maradufu.

Mipangilio inayostahili kuguswa

Nenosiri la kuingilia kwenye ruta ni tofauti na lile la Wi-Fi. Badilisha la kuingilia kwanza. Ndilo linalosahaulika, na programu hasidi hujaribu yale ya kiwandani kabla ya kitu kingine. La Wi-Fi linaruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanakumbukika na ni magumu kubahatisha.

Kwenye usalama wa Wi-Fi chagua WPA3, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama una vifaa vya zamani vinavyokataa WPA3. Ukibaki na WPA2, hakikisha ni ya AES, njia ya kusimba data. TKIP, njia ya zamani, si dhaifu tu. Ukiichagua, mtandao wako hauvuki 54 Mbps hata ruta iwe mpya kiasi gani. Nimeona watu wakilalamikia kasi ndogo kwa muda mrefu, kumbe ni mpangilio huo mmoja.

Zima WPS. PIN yake ina tarakimu nane, lakini ruta huihakiki kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi tu, hivyo mdukuzi hahitaji zaidi ya majaribio 11,000. Udhaifu huu unajulikana tangu 2011. Zima pia usimamizi kutoka nje ya nyumba. UPnP, inayoruhusu vifaa vijifungulie njia kwenye ruta, nayo izime, uiwashe tu kama mchezo au kifaa fulani kimeshindwa bila hiyo. Kuficha jina la mtandao hakukulindi, kwa sababu simu zako zenyewe hulitangaza zinapoutafuta.

Kamera, televisheni na taa za Wi-Fi zihamishie kwenye mtandao wa wageni. Vifaa hivi vinaacha kusasishwa mapema, na huko havitaifikia kompyuta yako.

Kuhusu DNS: weka 1.1.1.1, 8.8.8.8 au 9.9.9.9 kwenye ukurasa wa muunganisho wa nje, moja iwe ya kwanza na nyingine ya akiba. Kisha unganisha upya vifaa.

Wi-Fi nzito au inayokatika

Bendi ya 2.4 GHz inafika mbali na kupenya kuta, ila ina msongamano. Oveni ya maikrowevu nayo hutoa mawimbi kwenye masafa hayohayo. Hapa tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa sababu hizo tatu hazigongani, na upana wa MHz 20. Watu huweka 40 wakidhani ni kasi zaidi. Penye majirani wengi wanapata kinyume chake. Bendi ya 5 GHz ina kasi na nafasi zaidi, ila ukuta wa zege unaimaliza. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 zinashirikiana na rada, kwa hiyo ruta husikiliza kwa dakika moja au zaidi kabla ya kuzitumia, na ikihisi rada inahama. Kama bendi ya 5 GHz inapotea ghafla na kurudi, weka chaneli 36 uone.

Kabla ya kununua kifaa cha kuongeza mawimbi, hamisha ruta. Iweke juu, katikati ya nyumba, nje ya kabati, mbali na vioo vikubwa, friji na tangi la maji. Kisha pima. Kwenye Mac shikilia kitufe cha Option ubonyeze alama ya Wi-Fi, usome RSSI, yaani nguvu ya mawimbi. Namba ya -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa video, na chini ya -80 usitegemee kitu. Kwenye Windows amri ya netsh wlan show interfaces hukupa asilimia ya nguvu ya mawimbi na chaneli unayotumia.

Kebo nazo zina lake. Kasi ya gigabiti inahitaji nyaya zote nane zilizomo ndani ya kebo. Ukikatika mmoja, mara nyingi muunganisho hushuka kimyakimya hadi 100 Mbps. Ukipima na kuona kila mara unagota kwenye 94 au 95, badilisha kebo kabla ya kumpigia mtu simu.

Yote haya yakishindikana, chomeka kompyuta moja kwa kebo na uache ping 1.1.1.1 ikiendelea, kwenye Windows ongeza -t mwishoni. Fungua dirisha la pili liipige ping ruta. Muunganisho ukikatika huku ruta ikiendelea kujibu, andika saa kamili, soma kumbukumbu za matukio za ruta kwa saa hiyohiyo, uzinakili. Unapompigia mtoa huduma, mpe saa hizo, anwani ya nje ilivyokuwa wakati huo, rangi ya taa, na umwambie kwamba jaribio lilifanyika kwa kebo. Mhudumu atakosa sababu ya kukwambia uanze kwa kuzima na kuwasha, na malalamiko yako yatapelekwa kwa mafundi wa laini.